Jumla ileile, watu tofauti

Dodoso ninalogawa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa utafiti wangu wa uzamili linapima tabia ya wanafunzi ya kuahirisha kazi; lilitungwa Marekani na wanasaikolojia Laura Solomon na Esther Rothblum, likachapishwa mwaka 1984. Maswali yake ni 44. Sehemu ya kwanza inapitia kazi sita za mwanafunzi, kuanzia kuandika insha na kujiandaa na mtihani hadi mambo ya usajili. Kwa kila kazi anaulizwa: unaiahirisha mara ngapi? Kuahirisha huko kunakuletea shida kiasi gani? Ungependa kukupunguza kiasi gani? Ukijumlisha majibu mawili ya kwanza katika kazi zote sita, unapata alama kati ya 12 na 60.

Nakiheshimu kipimo hiki, hasa kwa kumwachia mwanafunzi mwenyewe aseme kama kuahirisha kunamuumiza. Lakini nina karatasi mbili mezani zenye jumla ileile, na siwezi kuziweka fungu moja.

Ya kwanza ni ya kijana ambaye kompyuta anayo, bando analo, muda anao. Supavaiza alimrudishia rasimu imejaa wino mwekundu, na tangu hapo hajalifungua faili. "Dada, nikiliona tu moyo unaenda mbio."

Ya pili ni ya binti anayekaa hosteli za Mabibo. Bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, limechelewa. Jioni anamsaidia shangazi yake kuuza chipsi Sinza, na kompyuta anaazima kwa mwenzake wa chumbani, mwenzake akishalala. Kazi zote anazimaliza zimamoto. Kaweka tiki kwenye "karibu kila mara", na hakudanganya.

Piers Steel, mtafiti wa tabia ya kuahirisha, mwaka 2007 aliweka sharti ninaloona ni la msingi: kuahirisha huku ni kwa hiari, mtu akitarajia kwamba kutamgharimu. Hiari ya huyu binti iko wapi? Sehemu ya pili ya dodoso inauliza sababu, kauli 26: hofu ya kushindwa, kutaka ukamilifu, uvivu, msukumo wa marafiki na nyingine za namna hiyo. Kijana wangu yumo humo. Binti nimemtafuta kauli kwa kauli, nikamwona nusu tu: kauli ya kuwa na mambo mengine mengi ipo, ya kukosa kompyuta haipo.

Tukimhesabu hivyohivyo, kesho atapelekwa kwenye semina ya nidhamu ya muda, wakati anachohitaji ni kompyuta na pesa ya kula. Hilo linaniuma.

Kwa hiyo kila kazi nimeiongezea swali, nitakalolichambua peke yake bila kugusa alama za kipimo chenyewe: "Siku ulipopanga kuanza, ulikuwa na kila kitu cha kuanzia?" Chini yake nimeacha mistari mitatu mitupu.