Usiku niliomuuliza kijana wetu kama anataka kujiua

Dada yangu yuko Dubai kikazi mwaka wa tatu sasa, kijana wake nakaa naye mimi hapa Busia, Uganda, ako sinia tatu (kidato cha tatu). Likizo ya Agosti alirudi kutoka bodingi amebadilika na kusema ukweli mimi sikuona haraka, nilikuwa nahangaika na mitumba yangu nikasema ni ujana tu. Usiku halali, mchana hatoki kitandani, mpira hataki hata kuusikia, rolex (chapati na mayai) namletea moto moto jioni inalala kwenye sahani mpaka asubuhi. Kituo kimoja cha afya wakampa dawa ya maleria. Jirani eti kijana amerogwa na watu wa baba yake.

Kilichonishtua ni viatu. Vile vya mpira alivyonisumbua muhula mzima nimnunulie, akampa mdogo wake, "chukua tu, mimi sina kazi navyo tena."

Nilijua hapo kuna kitu lakini niliogopa kuuliza, niliamini ukitaja kifo mbele ya mtoto ndio umemfundisha. Nikampigia rafiki yangu nesi, akaniambia hapana, muulize wazi, kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, na usianze kumhubiria dhambi. Basi tukakaa nje, umeme umepotea (afadhali, hatuonani macho), nikamuuliza, "Baba, unafikiria kujiua?" Akanyamaza weee. "Ndiyo, mama mdogo."

Kumbe anajiona mzigo, anaona mama yake anateseka ugenini kwa sababu ya karo yake, na hiyo kitu ameibeba peke yake tangu mwaka jana!

Sikupiga kelele. Nililala chumbani kwake, na dawa za kunyunyizia nyanya pamoja na vidonge vyote vya nyumbani nikavipeleka usiku ule ule kwa yule nesi avifungie, maana aliniambia ile hali kali huja kama wimbi, inapanda halafu inashuka, la muhimu ikimpata asiwe na kitu cha hatari karibu wala asiwe peke yake. Asubuhi nikapiga 116, ile simu ya msaada ya watoto inayoitwa Sauti, ni bure na wako saa yoyote hata usiku wa manane. Walinisikiliza mimi kwanza nikalia weee ndio wakaongea na yeye.

Halafu tukaenda hospitali ya rufaa ya Mbale. Hapa ukisema hospitali ya akili watu wanawaza Butabika tu, ile kubwa ya Kampala, na kucheka, lakini hospitali za rufaa za mikoa nazo ziko na kitengo cha akili, si lazima mpaka Kampala. Bado tunarudi huko, kuna wiki nzuri na kuna wiki hataki kuongea na mtu. Dada anamtumia voisi kila usiku, nimemkataza kutaja karo.

Jumamosi akaja jikoni, eti nimwongeleshe mdogo wake arudishe viatu. Mdogo wake amekataa kabisa.