Vile nilichunguza hisa za Ford kabla chama chetu hakijatoa pesa

Mi nauza spea hapa Kirinyaga Road, magari nayajua kwa kuyashika, lakini hisa za kampuni ya magari nilikuwa sijawahi kuzigusa. Mwanzo wa Februari 2024 chama chetu cha akiba kikataka kununua Ford kupitia zile programu za simu. Binamu yangu alikuwa ashawashawishi wote na gawio, ile faida kampuni inawagawia wenye hisa, senti 15 za dola kwa kila hisa kila miezi mitatu, na hisa yenyewe ilikuwa karibu dola 12 tu. Nikawaambia jamani nipeni siku chache nisome kwanza, hizi ni pesa za karo na za mabati.

Nikachukua daftari la mauzo nikaandika faida ya miaka mitano: 2019 dola milioni 47, 2020 hasara bilioni 1.3, 2021 faida bilioni 17.9, 2022 hasara bilioni 2, 2023 faida bilioni 4.3. Hiyo 17.9 ilinisumbua sana, nikasoma ripoti pole pole usiku mtandao ukiwa na nguvu, kumbe sehemu kubwa haikutoka kwa kuuza magari, ni hisa walizokuwa nazo kwa Rivian, ile kampuni ya magari ya umeme, iliingia soko la hisa Novemba 2021 thamani ikapaa ikahesabiwa faida, mwaka uliofuata ikaanguka ikahesabiwa hasara. Ni kama mimi bei ya ploti yangu Kitengela ipande alafu niiandike kwa faida ya duka. Basi nikaweka hizo kando nikaangalia mauzo ya 2021 hadi 2023: bilioni 136, 158, 176, yanapanda kila mwaka. Lakini upande wa magari ya umeme ulipoteza karibu bilioni 4.7 kwa 2023 pekee, kwa hivyo pikapu na magari ya kazi ndio yanabeba nyumba.

Utulivu nao, gawio lilisimamishwa Machi 2020 corona ilipoingia, likarudi mwisho wa 2021. Nikamwonyesha binamu, hii sio mshahara. Na Mkenya anakatwa ushuru wa asilimia 30 huko Marekani, senti 15 inabaki 10 na nusu.

Kitu ambacho sikupata jibu lake vizuri ni warranti, yaani pesa Ford inatumia kurekebisha bure magari iliyouza yakiwa na kasoro. Mteja akinirudishia wota pampu inavuja wiki moja baada ya kufungwa, faida ya pampu tatu imeenda, najua huo uchungu. Nikaandika pembeni "warranti?" kwa kalamu nyekundu.

Chati nayo ilisema wazi. Januari 2022 hisa ilifika karibu dola 25, ikaanguka, Agosti mwaka huo huo ikapanda tena ikaishia kama 16, Julai 2023 kama 15. Kila kilele kiko chini ya kile cha kwanza, na mi siwezi kuita hiyo kupanda.

Tukaelewana tuweke laki moja tu kwa laki tatu, zingine zikaenda hati za hazina za siku 91, pale unakopesha serikali, zilizokuwa zinalipa zaidi ya asilimia 16. Kosa langu lilikuwa dola, sikuifikiria kabisa. Tulinunua ikiwa karibu shilingi 160, mwisho wa Machi imeshuka kama 131, hisa ilikuwa imepita dola 13 na bado kwa shilingi tulikuwa chini ya laki yetu! Kuwaeleza akina mama wa chama hiyo hesabu ilinichukua mkutano mzima, na waliniuliza maswali ya haki kabisa.

Alafu Julai 25 hisa ikaanguka asilimia 18 siku moja, gharama za warranti zimekula sehemu ya faida ya robo mwaka. Binamu alikuja dukani mbio na simu mkononi, nikamfungulia daftari kwa ile kalamu nyekundu. Saa hii ripoti ya miezi mitatu ikitoka, yeye ndio huniuliza warranti ni ngapi kabla hajauliza gawio.