Kumbukumbu ya mradi: zinki ya asidi chafu, raundi ya nne

Mabatini, Mwanza, Jumapili usiku. Raundi ya tatu iliishia na unga wa rangi ya matofali. Nilitafuta zinki, nikapata kutu.

Kwa aliyeingia leo: karakana moja inayopaka vyuma zinki hunipa asidi yao iliyochoka, hidrokloriki iliyokula chuma na zinki hadi ikaishiwa makali. Naitikisa pamoja na tributili fosfeti (TBP), kimiminika kisichochanganyika na maji, iliyotiwa mafuta ya taa. TBP huikamata zinki na kupanda nayo juu. Nikiiosha kwa maji, zinki inashuka. Mafuta ya taa si ya kubania TBP. TBP tupu ina uzito wa karibu sawa na maji, utasubiri tabaka zijitenge hadi usingizi ukuchukue.

Kilichoniponza ni chuma. Chuma chenye chaji tatu nacho hudandia TBP. Chenye chaji mbili hubaki stendi. Kwa hiyo Ijumaa nilitumbukiza misumari mikuukuu kwenye ndoo ya asidi, ili ile chaji tatu ishuke iwe mbili, uani, bila kufunga mfuniko maana inatoa hidrojeni. Jiko la mkaa ilibidi lihamie upande wa pili wa nyumba. Dada alinuna, lakini alihama.

Leo asubuhi ile rangi ya chai ya mkandaa imekuwa kijani hafifu. Nikatikisa dakika tano, nikaacha itulie. Tabaka la juu halikuwa na ule unjano wa mafuta ya alizeti wa safari iliyopita. Nikaruka peke yangu uani kama mwehu.

Hasara: mpira wa PVC niliokingia ulilainika ukachomoka, nusu glasi ikaenda mchangani. TBP na PVC havikai pamoja.

Maji ya kuoshea niliyatia magadi. Mengi yaliishia povu tu, kwa sababu TBP hubeba na asidi pia. Halafu utando mweupe ukaanza kushuka. Nikauchuja, nikaukausha, nikauchoma kwenye kikaango ambacho hakitaona dagaa tena. Ukageuka njano! Nikajua chuma kimerudi. Nikaipua kwa hasira, nikakaa kibarazani. Niliporudi, ulikuwa umepoa na ni mweupe pe. Oksidi ya zinki ndivyo ilivyo: njano ikiwa moto, nyeupe ikipoa. Gramu 11.

Ndoo ya kijani bado ipo. Mtaro wetu unaingia mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani, kwa hiyo haimwagwi. Kesho natafuta chokaa ya kuua asidi.