Kitenzi cha kuvuta ndani ya Kiingereza

Katika kazi yangu ya kutafsiri hati kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, neno lililowahi kunichelewesha kuliko mengine yote si la kitaalamu hata kidogo, nalo ni “withdraw”. Mteja wa benki akifanya hivyo, ametoa pesa. Mlalamikaji akifanya hivyo mahakamani, ameondoa shauri. Mbunge akitakiwa na Spika afanye hivyo, anafuta kauli. Mwanariadha amejitoa mashindanoni, na jeshi limerudi nyuma. Nilikuwa nikiandika vitenzi hivyo vitano kwa mazoea tu, bila kuelewa ni kitu gani kinachoviunganisha, mpaka nilipoamua kulifungua neno lenyewe nilitazame ndani.

Kiini chake ni “draw”, ambalo katika Kiingereza cha kale lilikuwa “dragan”, yaani kuvuta au kukokota. Kilichokuwa kikinipotosha ni kipande cha mwanzo, “with”, kwa kuwa siku hizi kina maana ya “pamoja na”; zamani, hata hivyo, kilibeba maana ya kupingana na kitu au kukaa mbali nacho, na maana hiyo imesalia katika “withhold” na “withstand”. Kwa hiyo “withdraw” ni kukivuta kitu kitoke pale kilipokuwa kimewekwa, kiwe ni pesa, shauri, kauli, askari au nafsi ya mtu. Kiingereza kinautazama mwendo wenyewe, ilhali Kiswahili hutaka kwanza kujua ni nini kinachoondoka na kinaondoka wapi.

Ukoo wa pili wa maneno haya umetoka katika kitenzi cha Kilatini “trahere”, ambacho nacho maana yake ni kuvuta, na maneno yake mengi yaliingia Uingereza kupitia Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, huku mengine yakiletwa na wanazuoni moja kwa moja. Trekta tunalolijua sote ni kivutaji tu. Humu viambishi vya mwanzo ndivyo vinavyoonyesha upande wa mvuto: “attract” ni kuvuta kuelekea kwako, “extract” ni kuvuta nje, “distract” ni kuvuta huku na huku. Ninalolipenda zaidi ni “contract”, kuvuta pamoja, kwa sababu linaeleza ni kwa nini neno moja linatumika kwa msuli unaokaza na kwa watu wawili waliokubaliana jambo. Neno letu mkataba limetokana na mzizi wa Kiarabu wa kuandika, kwa hiyo linatuelekeza kwenye karatasi. Lakini hatuishii hapo, maana tunasema tumefunga mkataba, kama tunavyofunga ndoa, na katika kitenzi hicho pande mbili hukutanishwa vilevile.

Jambo lililonishangaza hasa ni picha. “Draw” ni kuchora, kwa kuwa mkono huikokota kalamu au mkaa juu ya uso wa karatasi. Na “portrait”, picha ya sura ya mtu, imetokana na “protrahere”, kuvuta mpaka mbele, kana kwamba sura ilikuwa imejificha na mchoraji akaitoa hadharani. Koo mbili zilizotoka mbali zimefika kwenye wazo moja. Kiswahili kilipita njia nyingine: kuchora kwetu ni pia kutia alama kwa kukata, kama fundi anavyochora nakshi mlangoni, na mstari tunaupiga.

Baadhi ya maneno hayo tayari tunayo midomoni. Droo ni kitu kinachovutwa, ingawa wazee waliiita mtoto wa meza, jina ambalo ningependa lisipotee. Drafti inayochezwa vibarazani kwa vizibo vya soda ni “draughts”, na “draught” liliwahi kumaanisha hatua ya kusogeza kete katika sataranji. Lakini msomaji asichukue kila kinachofanana: “drought”, yaani ukame, na “drain” zina undugu na “dry”, kavu, wala hazihusiani na kuvuta.

Kuvuta kwetu nako kumezaa mvuto, kivutio, kuvutia na mvutano, na kuvuta pumzi kunalingana kabisa na “draw breath”. Maji, hata hivyo, ambayo Kiingereza nayo huyavuta kwa “draw”, sisi tunayateka, na kuvuta subira sijakuona katika Kiingereza.

Uingereza ilipotoka katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, ilitumia haki iliyomo katika kifungu cha 50 cha mkataba wa umoja huo, na neno la kifungu hicho ni lilelile, “withdraw”. Mkataba huo nao unaitwa “treaty”, neno lililotokana na “tractare”, kukokota huku na huko na hatimaye kulishughulikia jambo, ambalo ni mtoto wa “trahere”. Katika hati za namna hiyo sasa ninaandika kujiondoa. Kujitoa naliachia michezo, kwa kuwa liko karibu mno na kujitolea na kujitoa mhanga, na nchi inayovunja uanachama wake haifanyi lolote kati ya hayo mawili.