Mtoto wa Geita Kauziwa Jiwe

Za Accra nitazipita. Joto, foleni, na dereva wa teksi aliyenitajia bei kama anauza gari lenyewe. Kisa changu kinaanzia Tarkwa, magharibi mwa Ghana.

Mimi nimezaliwa Nyarugusu, Geita. Usingizi wangu wa utotoni ulibembelezwa na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mama aliuza maandazi karibu na maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, na nilikuwa bado sijaanza shule nilipojua zebaki inavyokumbatia dhahabu. Kwa hiyo Tarkwa haikunitisha: vumbi lile lile jekundu, vijana wenye tope hadi mapajani, ila kule mchimbaji asiye na leseni anaitwa galamsey. Reli kutoka pwani ya Sekondi ilifika pale mwaka 1901. Sisi mgodi mkubwa tuliuona miaka ya 1930.

Nikapanda trotro, ndiyo daladala yao, kuelekea pwani. Goti langu lilikuwa kwenye mbavu za abiria wa mbele, na mkoba wangu ukalipiwa nauli kama mtu. Pembeni yangu alikaa mzee ambaye wenzake walimwita Wofa, yaani mjomba. Akaniuliza natoka wapi, akanipa chungwa, akanisimulia habari za wajukuu. Tulipozoeana akafungua fundo la leso: kijiwe cha ukubwa wa kunde, kinawaka. Alitaka sidi 300.

Nikakipima kiganjani, nikafumba jicho moja kama wanunuzi wa kwetu. Nikamwambia, kwa majivuno, kwamba mimi ni mtoto wa machimbo, mimi hanidanganyi mtu. Akaitikia kwa heshima kubwa. Tukapatana 180. Akashuka Agona Nkwanta, akanipungia mkono mpaka gari likapotea.

Axim ni mji wa wavuvi. Mitumbwi mirefu yenye bendera, akina mama wanagombea samaki, upepo wa chumvi. Nilipokuwa mdogo bahari yangu ilikuwa Ziwa Viktoria pale Nungwe, na nilidhani maji hayazidi pale. Nje kidogo ya mji nikauona mto Ankobra ukiingia baharini na rangi ya chai ya maziwa, tope la machimbo ya juu huko. Nilisimama muda mrefu. Kwetu pia visima vipo chini ya mialo, yaani sehemu za kuchenjulia dhahabu, na tuliyanywa maji yale.

Ngome ya Axim, ya Mtakatifu Anthony, waliijenga Wareno mwaka 1515, Waholanzi wakaitwaa 1642, kisha Waingereza wakaichukua 1872. Yote kwa ajili ya dhahabu iliyoshuka kutoka bara. Mwongozaji akanieleza kuwa Mholanzi mmoja, Willem Bosman, aliyewahi kuwa mkuu wa kituo pale, aliandika malalamiko marefu kuhusu dhahabu ya bandia waliyouziwa.

Nikakumbuka kunde yangu. Nikaiweka juu ya ukuta, nikaigonga kwa jiwe. Dhahabu ukiigonga hulala. Ile ilitawanyika ikawa unga, ikanuka kiberiti.

Usiku nilimpigia mama simu. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Uliigonga?”

“Niliigonga, mama.”

“Kabla ya kulipa au baada?”

Nikasema mtandao unasumbua.