Kwa nini Hajji alirudishiwa milioni saba

Jirani yangu Hajji, mwenye duka la hadiwea hapa Busia, upande wa Uganda, alirudishiwa kodi ya shilingi 7,620,000, na kwa majuma mawili mtaa haukuwa na habari nyingine. Nilisikia kwenye kituo cha boda kwamba ana mtu wake ndani ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Nilisikia sokoni, kwa akina mama wanaouza mukene, wale dagaa wakavu, kwamba amelipa dalali kutoka Kampala. Binti yake alirudi kutoka shule akilia kwa sababu wenzake walimwambia baba yako ni mwizi wa serikali.

Mimi ndiye niliyemjazia ritani, ile fomu ya mwaka ya kutangaza mapato na kodi. Nimemwomba ruhusa ya kuandika hesabu yake hapa, akaniambia, "Andika, mwanangu, wasome."

Nianze na yangu, maana ni ndogo na inaeleweka haraka. Mwaka wa kodi Uganda huanza Julai na kuisha Juni. Julai 2022 nilikuwa karani wa hesabu katika shirika moja huko Tororo, mshahara 1,500,000 kwa mwezi. Mkataba ukaisha Novemba, na hadi Juni 2023 sikupata kazi nyingine. Katika ile miezi mitano nilikatwa PAYE, kodi ya mshahara anayoikata mwajiri, ya 352,000 kila mwezi, jumla 1,760,000.

Mwajiri anapokata PAYE hatazami mwaka wako, hutazama mwezi. Kwa viwango vya mwaka ule, laki mbili na thelathini na tano za kwanza hazikuguswa. Zilizofuata hadi 335,000 zilikatwa asilimia 10. Kutoka hapo hadi 410,000 asilimia 20. Kilichozidi, kwa mshahara kama wangu, asilimia 30. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila mwezi wa mwaka utafanana na huu, yaani kwamba mimi ni mtu wa milioni 18 kwa mwaka. Lakini sheria inatoza mapato ya mwaka mzima, na mwaka ule mimi nilikuwa mtu wa milioni 7.5 tu. Kwa mapato hayo kodi ni 1,074,000. Nilikuwa nimelipa 686,000 za zaidi. Ile miezi saba niliyokaa nyumbani, kila mmoja ulikuwa na laki 235 zake zisizotozwa, na hakuna aliyenihesabia.

(Samahani, nimesema laki 235, ni elfu 235. Naiacha ili uone jinsi tarakimu hizi zinavyomchanganya hata anayezishika kila siku.)

Fedha zangu zilikuwa zangu tangu mwanzo, na hakuna aliyenifanyia hisani. Ila mwenye mshahara mmoja wa mwaka mzima, aliyekatwa PAYE na mwajiri mmoja na hana mapato mengine, halazimiki kupeleka ritani. Ndiyo maana watu wengi wanaoachishwa kazi katikati ya mwaka hudhani na wao hawahusiki, na pesa zao hulala hukohuko. Mwalimu wa shule ya binafsi iliyofungwa, dereva wa mradi uliokwisha, muuguzi aliyekwenda likizo ya bila malipo: hao wote wangepaswa kupiga hesabu yao upya na kupeleka ritani.

Sasa Hajji.

Hajji huuza saruji, mabati, misumari na rangi. Wateja wake wakubwa ni wa serikali: shule, zahanati, ofisi zinazojengwa. Mwaka uleule aliwauzia bidhaa za shilingi milioni 140. Anayenunua kwa niaba ya serikali, malipo yakizidi milioni moja, analazimika kukata asilimia 6 na kuipeleka URA kwa jina la muuzaji. Hiyo ndiyo kodi ya zuio. Asilimia 6 ya milioni 140 ni 8,400,000.

Hapo ndipo watu wanapopotea njia. Ile asilimia 6 hukatwa kwenye mauzo, haikatwi kwenye faida. Mwenye kazi ya ushauri anayetumia akili na kompyuta yake tu, asilimia 6 haimuumizi sana, kwa sababu sehemu kubwa ya anacholipwa ni faida. Lakini saruji ina faida ndogo mno. Nilikaa na daftari za Hajji siku tatu, chini ya balbu ya duka, tukijumlisha risiti moja baada ya nyingine. Kununua bidhaa kulimla milioni 126. Lori na wapakiaji, milioni 5. Alibaki na milioni 9, na katika hizo 8,400,000 zilikuwa zimekwisha kukatwa. Mwaka mzima wa kubeba mabati ulimwachia mkononi laki sita. Aliishi kwa kukopa, na saruji ya mwisho aliichukua kwa deni.

Je, alidaiwa kodi kiasi gani hasa? Kwa biashara ndogo ambayo mauzo yake hayazidi milioni 150 kwa mwaka, kuna kodi inayohesabiwa kwa mauzo. Kwa mauzo kati ya milioni 80 na 150, mwenye daftari hulipa 360,000 pamoja na asilimia 0.7 ya kinachozidi milioni 80. Kwa Hajji kilichozidi ni milioni 60, na asilimia 0.7 yake ni 420,000. Jumla 780,000. Asiye na daftari hulipa 900,000 moja kwa moja. Zile daftari zenye mafuta ya taa na alama za vidole zilimwokolea 120,000, na zaidi ya hapo zilimpa ushahidi.

Toa 780,000 kwenye 8,400,000. Zinabaki 7,620,000. Hakuna dalali hapo wala mtu wa ndani. Kadiri faida yako inavyokuwa nyembamba na wateja wako wanavyokuwa wakataji, ndivyo unavyorudishiwa nyingi, na kabla ya kurudishiwa huwa umeteseka kwa kiasi hichohicho.

Wapo wengine wa aina hii. Aliyekadiria mapema kwamba biashara itachanua, akalipa kwa awamu nne kufuata makadirio, kisha mpaka ukafungwa au lori likapinduka, naye hurudishiwa. Na wapo wanaobuni risiti, sikatai. Hao wanatenda kosa la jinai, na mtu akikuahidi kukuletea pesa za kodi ambayo hukukatwa, mkimbie. URA hukagua kabla ya kulipa, na kama una deni jingine la kodi, hukata humo kwanza.

Kilichotuchelewesha sisi ni jambo dogo. Mmoja wa waliomkata alikosea tarakimu moja ya TIN, namba ya mlipakodi, ya Hajji, hivyo 1,260,000 hazikuonekana kwenye akaunti yake ya mtandaoni. Hajji alipanda teksi mara nne kuwafuata warekebishe. Kwa hiyo ukikatwa leo, usingoje Desemba. Ingia mtandaoni mwezi uleule, uone kama kilichokatwa kimeandikwa kwa jina lako. Ritani ya mwaka unaoisha Juni inatakiwa kufika kabla ya tarehe 31 Desemba kupita, na siku zile za mwisho kila mtu yuko kwenye mtandao.

Jambo jingine ambalo ningetamani kila mwenye duka alijue: anayepeleka ritani zake kwa wakati na asiyedaiwa anaweza kuomba asamehewe ile asilimia 6, alipwe fedha zake nzima, halafu alipe kodi yake mwisho wa mwaka. Kumwona mtu akishangilia milioni saba kunaniuma. Ningependa zisikatwe kabisa, zizunguke dukani, zinunue saruji kwa pesa taslimu, kwa bei ya pesa taslimu.

Fedha zilipoingia benki, Hajji alilipa deni la saruji siku hiyohiyo. Zilizosalia zikaenda ada ya yule binti. Kisha tukaandika ombi la msamaha wa asilimia 6, na lilikubaliwa. Barua ameitia kwenye fremu ya picha, ameitundika juu ya mizani ya misumari, na mteja akiulizia zile milioni humwonyesha barua kwanza, halafu humtolea daftari.