Silinda namba 3 ya Lycoming O-320: jinsi tulivyochagua mbadala

Kipimo cha mgandamizo kwenye injini ya ndege ndogo Cessna 172M, Lycoming O-320, kilitoa 52 kwa 80 katika silinda namba 3: kati ya shinikizo la 80 lililoingizwa, silinda ilishika 52 tu. Nyingine tatu zilikuwa juu ya 70. Hewa ilivuma kwenye mdomo wa kujazia oili, yaani ilipita kando ya pistoni, si kwenye bomba la moshi, kwa hiyo valvu ya kutolea moshi ilikuwa salama. Kamera ndogo iliyopitishwa tundu la plagi ikaonyesha vishimo vya kutu ukutani, ugonjwa wa ndege zinazokaa chini muda mrefu.

Kwanza soma kibati cha injini hadi herufi ya mwisho. O-320-E2D ina uwiano wa mgandamizo wa 7.0:1 na nguvu farasi 150. O-320-D2J ni 8.5:1 na 160. Pistoni zake si zile zile.

Kosa kubwa hutokea kwenye ringi za pistoni. Angalia rangi ya mapezi ya kupoozea silinda: chungwa ni silinda ya kromu (ukuta wake umepakwa kromu), buluu ni ya nitridi (chuma kilichokomazwa kwa nitrojeni). Zote mbili hazitaki ringi za kromu. Kigumu kwa kigumu havilainishani, na injini itakula oili daima. Tulichukua silinda mpya ya nitridi yenye ringi za chuma cha kutupwa, kwa kuwa vishimo vya ile ya zamani vilikuwa na kina kirefu mno kusuguliwa.

Nati za kushikilia silinda za nusu inchi zilikazwa futi-pauni 50, za 3/8 futi-pauni 25. Usizungushe propela nati zikiwa zimefunguliwa: beringi kuu zinaweza kuhama.

Kisha oili ya madini tupu, isiyo na viongezi, na kuruka kwa nguvu asilimia 65 hadi 75 mpaka ulaji wa oili utulie.